Syprose wa Kambi ya Chai

Mwaka 1956, Syprose alijifungua mtoto wake wa kwanza katika kambi ya wachuma chai karibu na Kericho. Alikuwa na miaka kumi na saba, na mama yake alikuwa mbali, kule kando ya Ziwa Victoria. Mumewe Kepher akienda shambani, yeye alibaki akimtazama mtoto kana kwamba ni wa jirani. Alimnyonyesha na kumwogesha, lakini hakuhisi kitu. Majirani walimwita mvivu.

Alasiri moja ya mvua, mkunga Loice alikuja kumwona mtoto.

“Huyu ni mzima,” alisema. “Na wewe, mwanangu?”

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Syprose akalia.

“Hata mimi nilikuwa hivyo nilipojifungua,” Loice akasema. “Sikumwambia mtu.”

Akawa anakuja kila Jumapili. Upendo ulichelewa; ulipofika, mtoto alikuwa ameshaanza kutambaa.