Msonobari wa Talaka Tatu

Mume wangu alikwenda Unguja kununua nguo za safari, akarudi na mti. Nguo pia zilikuwapo, lakini mti ndio uliotangulia kushuka chomboni, umepandwa ndani ya nusu pipa, watu wanne wameubeba kama bibi harusi. Ulikuwa msonobari, kimo cha mtoto wa miaka mitano, majani kama sindano. Aliuona barazani kwa Mzungu mmoja huko, akaambiwa hukaa kijani mwaka mzima. Ajabu gani hiyo? Mnazi je? Lakini mnazi hauna sifa, kila mtu anao.

Akauweka mbele ya nyumba yetu hapa Bagamoyo, wapita njia wauone. Wakauona. Naye sifa zilimlevya kuliko tembo. Siku ya kuondoka na msafara kwenda bara kutafuta pembe, akasimama barazani mbele ya wenzake akaapa: "Mti huu ukifa mimi sipo, mke wangu nimemwacha talaka tatu!" Wenzake wakacheka. Mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyekuwa akinywa kahawa yetu, hakucheka. Aliniambia baadaye kuwa kiapo kimesimama: mti ukifa, mimi si mke tena, na talaka tatu hazina marejeo.

Haya, nikawa yaya wa mti. Maji ya kisima chetu yana chumvi, kwa hiyo bwana mkubwa yule alikunywa maji ya mvua niliyokinga mitungini, sisi wengine tukanywa ya kisima. Kila asubuhi nilimwosha chumvi ya upepo wa bahari, tawi kwa tawi. Jua likipanda, namkingia jamvi. Mbuzi wa jirani alipokula kijitawi kimoja, nililia mpaka watu wakadhani nimefiwa. Nilimpenda mume wangu. Naona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo.

Wageni wakaja kuutazama, wakausifu bila kusema mashaallah. Mama mkwe akaingiwa na hofu.

"Mwanangu, mti huu utapigwa jicho. Tuufukize."

Basi kila Ijumaa baada ya adhuhuri akawa anakuja na chetezo kimejaa makaa na ubani, anakisukuma chini ya matawi mpaka shinani, kisha anakaa kuvuta uradi.

"Mama, makaa hayo yatauunguza."

"We! Mumeo nilimfukiza hivi hivi tangu mchanga, mbona hakuungua?"

Nani angebishana na hoja kama hiyo?

Mwezi wa nane tangu aondoke, nikakwaruza gome kwa ukucha. Chini yake pakavu, rangi ya tumbaku. Nikakwaruza juu zaidi, pakavu vilevile. Majani yalikuwa kijani bado, maana mti ule hata kufa ulikufa kwa maringo. Hakuna aliyejua ila mimi. Nikakaa kizingitini, nikaamua kunyamaza. Mungu anisamehe, nilimtaka mume wangu.

Siku ya tatu msafara ukaingia mjini. Alipofika nyumbani nilikuwa nimesimama mlangoni, nimesuka upya, nanukia asumini. Akanipita. Akaenda kuushika mti.

"Kijani vilevile!" akawaambia wenzake, wale wale waliosikia kiapo, mwalimu naye akiwamo. Kisha akanionyesha kwa kidole, na salamu bado hajanipa. "Mwajua kwa nini uko hai? Huyu nilimfunga kwa talaka. Ningemwomba kwa upole, angeuacha ukafa."

Wakacheka tena.

Miezi minane ya maji ya mvua ikanipanda kooni. Hasira niliyoisikia siku ile sijaisikia tena maishani. Nikauendea mti, nikalishika tawi nene kuliko yote, nikalivunja. Kak! Likakatika kama ukuni. Nikamtia mkononi.

"Umekufa kabla hujafika, bwana. Ni makaa ya mama yako. Waulize hawa uliapa nini."

Vicheko vikakatika. Akalitazama tawi, akamtazama mwalimu, na mwalimu akainamisha kichwa. Ndipo aliponitazama mimi, akaniita kwa jina langu, kwa upole kabisa. Nikavuta ukaya usoni upande wake pia, maana sasa naye alikuwa mwanamume wa kando.