Ejo ya Mbele

Mwalimu Veneranda alikuwa mtu mwema, asikudanganye mtu. Miaka ishirini na mmoja alifundisha Kiswahili shule ya msingi huko Bangwe, hakuiba hata chaki, wala hakumsema jirani isipokuwa pale jirani alipojitakia mwenyewe. Ila gere! Kwa gere, Mungu amsamehe, alikuwa wa peke yake.

Mwaka ule wa tisini na tisa, Warundi wakiwa wamejaa makambini, Veneranda alikuwa mwaka wa sita wa shahada yake, ile ya kusomea nyumbani na kukutana kituoni Kigoma mjini mara moja kwa mwezi. Mitihani yote kafaulu. Lililobaki ni somo la uandishi. Chuo kilikuwa na sharti: hahitimu mtu bila insha nne ndefu, kila moja isomwe kwanza na mwenzako, akujazie karatasi ya maoni na kutia saini, uandike upya palipotiwa alama, ndipo uikusanye. Ikikosekana moja, somo limeanguka, na joho ulisahau mpaka mwaka mwingine.

Haya, mwenzake aliyepangiwa ni nani? Bonifasi, kijana mkimbizi wa miaka ishirini na saba, anayekuja kwa kibali cha kutoka kambini cha siku moja. Kiswahili alikuwa amekiokota juzijuzi tu. R na l hakuzitenganisha. Kalamu kwake ilikuwa karamu. Veneranda akafurahi, akasema huyu nitamfunika asubuhi na mapema.

Wapi! Insha ya kwanza tu, mhadhiri wao, Bwana Mwinshehe, akasimama na karatasi za Bonifasi, akazisoma mbele ya darasa zima. Zilimhusu mama mmoja aliyekimbia vita na kinu kichwani, mchi akausahau nyumbani, na kule kambini kila siku akawa mtu wa kuazima mchi. Watu walifuta macho. Kisha Mwinshehe akachukua insha ya Veneranda.

"Hii ni safi. Haina kosa," akasema, akaiweka chini.

Haina kosa! Ndiyo basi? Mtu kazaliwa na Kiswahili mdomoni kama Kiha chake, kakifundisha miaka yote hiyo, leo anapitwa na aliyefika juzi na mkeka! Roho ilimuuma hadi chai ya mapumziko ikamshinda.

Tangu siku hiyo kalamu nyekundu ya Veneranda haikuwa na huruma. Kila insha ya Bonifasi aliirudisha imejaa wino, na pembeni ameandika sababu ya kila kosa, tena kwa kirefu, ili kijana aone asivyojua kitu. Bonifasi alizipokea kwa mikono miwili. "Asante, mwalimu." Hata hiyo asante ilimkera. Na ubaya zaidi, kijana akazidi kupanda.

Ikafika insha ya nne, ya mwisho. Kikao cha kituo cha mwezi huo Bonifasi alinyimwa kibali, kwa hiyo tarehe ya kukusanya hakuisikia. Kibali kilipopatikana, akaja Alhamisi mchana mpaka shuleni Bangwe, jasho linamtoka. Akamwamkia mwalimu, akamrudishia insha ya mwalimu mwenyewe, aliyopewa mwezi wa nyuma aisome, maoni yamejazwa na saini imetiwa, kisha akatoa ya kwake. Kwa haraka aliyokuwa nayo, akauliza kwa Kirundi.

"Ni ryari?" Yaani, ni lini?

"Ni ejo," akajibu Veneranda kwa Kiha.

Sasa hii ejo ndiyo yenye mambo. Kwa lugha zao hizo, ejo ni kesho na ejo ni jana. Maneno yanayofuata ndiyo yanayoonyesha ni ipi. Veneranda alikuwa na maana ya kesho, hakika kabisa. Lakini uso wa Bonifasi ulishuka.

"Ejo," akarudia polepole. "Basi nimechelewa."

Neno moja tu lilitakiwa hapo. Kesho. Veneranda akainama, akajishughulisha na kupanga madaftari ya watoto.

"Pole," akasema.

Bonifasi akaisogeza insha yake mezani. "Insha ibaki, mwalimu. Uisome tu, ingawa haina kazi tena." Akaondoka kuwahi lori la kambini, linaloondoka Mwanga, pale pale mjini, saa tisa.

Veneranda akakaa na kalamu yake nyekundu, moyo unamcheza kwa furaha mbaya. Akafungua. Insha iliitwa "Aliyenifundisha".

"Wengi wananisifu kwa sababu wananihurumia," Bonifasi alikuwa ameandika. "Mwalimu Veneranda hajanihurumia hata siku moja. Ananisahihisha kama mtu aliyekuja kukaa. Kwa karamu yake nyekundu nimejua kuandika."

Jamani! Mama wa watu alitoka mbio na kandambili, akadandia baiskeli ya abiria, akamhimiza mwendeshaji njia nzima. Mwanga alikuta lori linanguruma, watu wamekwisha kupanda.

"Bonifasi! Ni ejo ya mbele! Siyo ya nyuma, ya mbele!"

Watu wakacheka. Bonifasi akainama kutoka juu.

"Mbona hukusema pale pale, mwalimu?"

"Wivu," akasema Veneranda, anahema. "Nilikuonea wivu, mwanangu. Nilinyamaza makusudi."

Kijana hakumwambia amemsamehe, wala hakumlaumu. "Mimi kesho sina kibali," akasema. "Nipelekee wewe." Lori likaondoka.

Kesho yake akazipeleka insha zote mbili, na ya Bonifasi akaijazia karatasi ya maoni na kuitia saini. Mwezi uliofuata Mwinshehe akasoma ile ya Bonifasi kwa sauti. Alipofika kwenye karamu nyekundu darasa likaangua kicheko, naye akashangaa kosa hilo lilimponyokaje Mwalimu Veneranda. Halikumponyoka, aliliacha. Insha ilipokwisha, wote wakamgeukia, wakampigia makofi, mwalimu gani huyu mwenye moyo! Hakuna alichokitamani miaka sita yote kama makofi hayo.

Bonifasi alikuwepo siku hiyo. Mle ndani, ukimwacha mwalimu, yeye peke yake ndiye aliyejua habari ya ile ejo, na alipiga makofi kuliko wote. Veneranda hakujua uso auweke wapi. Na hata hapo gere haikumwacha: sasa alimwonea yule kijana wivu wa ile roho yake.