Pazia la Shangazi Dorcas

Katika Ghuba ya Hennebury hakuna anayebisha hodi. Mtu husukuma mlango wa jikoni, akakung'uta viatu, akaketi, ndipo akauliza kama chai ipo. Ukisikia mlango unagongwa, ujue ni polisi, au kasisi mgeni, au serikali.

Ndiyo maana siku ile ya Aprili, mlango wa mbele wa Shangazi Dorcas Keeping ulipogongwa mara tatu, bibi huyo wa miaka themanini na sita alizima redio, akajikunyata kwenye kiti chake kando ya jiko, akatulia tuli mpaka mgongaji alipochoka.

Wiki tatu baadaye barua ya idara ya ustawi wa jamii ikaja, naye Marcella Durnford akaisoma kwa sauti mezani, miwani ikiwa imemshuka puani.

Marcella alikuwa mhudumu wa wazee majumbani, kazi aliyoianza mwaka ule kiwanda cha samaki kilipofungwa, yapata miaka ishirini na miwili iliyopita. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye kicheko kilichomtangulia njiani, na mkoba wenye kila kitu isipokuwa kile alichokuwa akikitafuta. Kila siku alizunguka nyumba tatu: akaosha miguu, akapanga vidonge, akakata kuni, akagombana na paka. Serikali ilimlipa kwa saa nane. Saa nyingine zote alizifanya bila hata kujua kwamba anazifanya, maana katika ghuba ile mtu hakumwacha mtu.

Kwa Shangazi Dorcas kulikuwa na zaidi ya kazi. Marcella alipokuwa na miaka tisa mama yake alifariki, na baba yake alikuwa baharini miezi mitano kwa mwaka. Hakukuwa na kikao wala karatasi. Dorcas alivuka njia, akamshika mkono, akamketisha mbele ya mkate wa moto uliopakwa molasi, ile asali nyeusi ya miwa, na tangu siku hiyo kulikuwa na sahani moja zaidi mezani. Basi.

"Soma polepole," Dorcas alisema. "Nataka kusikia nilivyotukanwa."

"'Mteja hakuitikia mlango ulipogongwa.'"

"Ningeitikiaje? Kwa mlango wa mbele hutoka jeneza tu. Nilidhani amekuja kunipima."

"'Mlango wa mbele hauna ngazi. Uko mita moja na nusu juu ya ardhi.'"

"Wabebaji husimama chini, wakapokea begani. Hivyo ndivyo alivyotoka mume wangu, wala hakulalamika."

Marcella alicheka mpaka miwani ikaanguka. Akaiokota, akaendelea. "'Nikiwa barabarani nikisubiri feri, niliona watu watatu wasiotambulika wakiingia bila idhini. Mmoja wao, mwanamke mnene, alitoka amebeba sufuria.'"

Dorcas alimtazama Marcella kuanzia juu hadi chini.

"Mwanamke mnene ni wewe," Dorcas alisema.

"Na sufuria ni yangu!"

Walicheka wote wawili, lakini mwisho wa ukurasa haukuchekesha. Uliandikwa hivi: kati ya saa kumi jioni na saa mbili asubuhi mteja huishi bila uangalizi. Inapendekezwa ahamishiwe makao ya wazee mjini. Ziara ya pili, ambayo ni ya mwisho, ni tarehe tisa Mei.

Dorcas aliichukua barua, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la chai. "Mkate wako unaungua," alisema, ingawa hapakuwa na mkate wowote jikoni.

Marcella aliyajua makao yale. Mwaka juzi alikwenda kumjulia hali mzee Hezekiah, aliyehamishwa kutoka nyumba ya juu kilimani. Alikuta chakula kizuri, sakafu inang'aa, wauguzi wapole. Akamkuta pia Hezekiah mbele ya dirisha linalotazama maegesho ya magari, akimuuliza kila apitaye upepo unavuma kutoka wapi. Hakuna aliyejua.

Habari zilizunguka ghuba kabla chai haijapoa. Mjomba Absalom, jirani wa ng'ambo ya maji, alikuja na tepu ya kupimia shingoni.

"Serikali inataka ngazi?" alisema. "Itapata ngazi."

"Absalom, si ngazi tu—"

"Marcie, mwanangu, wewe osha miguu. Mbao niachie mimi."

Kwa siku tatu nyundo haikunyamaza. Ngazi zikasimama: vidato saba, vishikio pande zote mbili, rangi ya kijani kibichi. Dorcas alizitazama kutoka chini, amejifunga shali.

"Nzuri sana. Atapita nani?"

"Afisa ustawi wa jamii," Absalom alijibu kwa fahari.

"Ngazi nzima, kwa mtu mmoja. Hata malkia hakupata."

Tarehe tisa Mei upepo ulikuwa mkali, na feri ilifika ikiyumba. Sebule, ambayo haikuwashwa moto tangu Krismasi, ilijaa watu waliovaa nguo za kanisani. Marcella alipanga keki kwenye sahani za maua. Absalom alisimama kando ya mlango wa mbele, mkono kwenye kitasa, tayari kufungua. Dorcas pekee alikataa kuketi huko. "Sebule ina baridi ya maiti," alisema, akabaki jikoni kwake.

Walingoja. Robo saa ikapita. Absalom akabadilisha mkono.

Kisha wakasikia, kutoka jikoni, sauti ya msichana ikisema, "Chai ipo?"

Marcella alikimbilia huko. Akamkuta kijana wa miaka kama ishirini na saba, nywele zimelowa, viatu vimekung'utwa vizuri mlangoni, ameketi kwenye kiti anachokikalia Absalom kila siku.

"Mimi ni Robyn Yetman, wa ustawi wa jamii," alisema, akiona haya. "Nahodha wa feri alinicheka njia nzima. Kasema nikigonga tena mlango wa mbele atanitupa majini."

"Huyu kafundishika," Dorcas alisema. "Mpe maziwa ya kopo."

Sebuleni Absalom aliendelea kulinda kitasa, mpaka mtu alipokwenda kumwambia.

Robyn alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililomtia Marcella wasiwasi. Mtu mbaya unaweza kumfokea. Huyu alikula keki vipande viwili, akamsikiliza Dorcas akieleza habari za goti lake tangu lilipoanza kuuma, kisha akafungua fomu na uso wake ukainama.

"Bi Keeping, ukianguka usiku, nani atajua?"

"Absalom."

"Atajuaje?"

"Pazia." Dorcas alionyesha pazia la manjano lililoviringishwa juu ya dirisha la jikoni. "Saa kumi na mbili asubuhi nalipandisha. Absalom ananywa chai yake ng'ambo, anatazama. Lisipopanda, anakuja. Na mimi namtazamia la kwake."

"Kila siku?"

"Jumapili saa moja."

Robyn aligeuza kalamu vidoleni. "Tulikuletea kile kidude cha shingoni, chenye kitufe cha kuitia msaada."

"Kipo. Nilikibonyeza mara moja kukijaribu. Sauti ya mwanamume kutoka bara ikaniuliza niko mtaa gani. Nikamwambia nyumba inayotazamana na ya Absalom. Akaniuliza Absalom ni nani! Nikaona huyu hawezi kunisaidia, hamjui mtu."

"Fomu ina sehemu ya kifaa," Robyn alisema taratibu. "Haina sehemu ya jirani. Nahitaji kitu ninachoweza kukiandika, wakubwa wangu wakakisoma wakakiamini. Samahani, Marcella. Kweli kabisa."

"Sasa utaandika nini?"

"Sijui bado."

Lakini alikuwa akijua, na Marcella aliona kwamba anajua. Alikwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

Alasiri nahodha akaleta habari kwamba feri haiondoki mpaka kesho. Marcella alitaka kumchukua mgeni kwake, ila Dorcas hakukubali. "Kaja kuiangalia nyumba yangu, na alale humu humu." Akamtolea blanketi la viraka, lenye uzito wa ng'ombe.

Asubuhi ilipambazuka shwari, jua likimetameta juu ya maji. Saa kumi na mbili pazia lilipanda, kama kawaida. Marcella aliliona kutoka kwake, akavuta pumzi, akaanza kukanda unga. Alikuwa akipanga maneno ya kumwambia Robyn, kila aliyoyapata yakawa marefu mno au yenye machozi mno.

Saa moja na dakika kumi aliinua macho, mikono yake ikakwama kwenye unga.

Pazia lilikuwa limeshushwa.

Katika Ghuba ya Hennebury pazia la jikoni haliteremshwi mchana, hata jua likuchome macho, isipokuwa kwa sababu moja: kuna aliyekufa ndani ya nyumba.

Marcella hakukumbuka baadaye alivyovuka njia. Alikuwa na buti mguu mmoja, soksi mguu mwingine, unga hadi kwenye viwiko. Nyuma yake milango ilikuwa ikifunguka. Mke wa Absalom alishuka botini na keki mikononi, ile iliyobaki jana, kwa kuwa nyumba ya msiba haiendewi mikono mitupu. Wanawe walikuja wamevua kofia. Naye Absalom, aliyewavusha maji kwa boti ya injini, alipanda moja kwa moja ngazi zake za kijani, akafungua mlango wa mbele kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na minne, akaanza kuukadiria upana wake kwa mikono, machozi yakimtiririka.

Jikoni, Robyn alikuwa mezani na fomu zake, mgongo kwa dirisha, kalamu hewani, akiwatazama watu wanaomiminika.

"Yuko wapi?" Marcella alilia. "Yuko wapi?"

Mlango wa chumbani ukafunguka. Dorcas akatokea, nusu ya nywele zimesukwa, kitana mkononi.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Wewe!" walimjibu wote.

"Mimi? Mbona sikuambiwa?"

Marcella alimkumbatia kwa nguvu mpaka gauni jeusi la bibi likawa jeupe kwa unga. Alicheka na kulia kwa pamoja, na hakujali nani anamwona.

"Pazia," Absalom alisema, akinyoosha kidole dirishani. "Nani kashusha pazia?"

Robyn alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Jua… lilikuwa linapiga karatasi. Sikujua…"

"Mwanangu," Dorcas alimwambia, "umeniua kabla ya kifungua kinywa."

Kicheko kilichopasuka hapo kiliitikisa hata sahani ukutani. Robyn hakucheka mara moja. Alitazama saa yake. Kisha akaanza kuhesabu vichwa kwa kalamu, polepole, midomo ikitembea.

"Nilishusha saa moja na dakika tisa," alisema. "Sasa ni saa moja na dakika kumi na tatu."

Akainama, akaandika. Marcella alisogea nyuma yake kama anayetafuta kijiko, akasoma juu ya bega. Kifaa cha dharura: pazia la jikoni, la manjano. Muda wa kuitikiwa: dakika nne. Walioitikia: kumi na mmoja. Hali ya kifaa: kimejaribiwa leo, kinafanya kazi. Pendekezo: mteja abaki nyumbani kwake.

Marcella alivuta kiti, akaketi.

"Bado sehemu moja," Robyn alisema. "Mhudumu. Uhusiano na mteja. Niandike jirani?"

Swali hilo lilikuwa likimsumbua Marcella kwenye kila fomu kwa miaka ishirini na miwili, na kila mara aliandika kitu tofauti.

"Andika 'wangu'," Dorcas alisema, akirudi kwenye nywele zake.

Robyn aliandika hivyo hivyo.

"Sasa kateni keki," bibi aliendelea. "Ni ya matanga yangu, siwezi kuikosa. Absalom, funga huo mlango, unaingiza baridi. Nawe msichana wa serikali, pandisha pazia haraka, kabla watu wa ghuba ya pili hawajaja na maua."