Sasa Niigize Mimi

Mwanangu, naikumbuka vizuri siku moja ya msimu wa kahawa hapa Nyaishozi. Nakuita mwanangu kwa sababu wewe uko darasa la nne nami niko kidato cha pili. Ndevu ziko njiani.

Mwenyekiti wetu wa kijiji, ambaye sasa ni mstaafu, alikuwa fundi wa hotuba. Mkutanoni, aliowaita kupe walikuwa mabepari, na sisi wengine wote ndugu. Lakini nilipompelekea maziwa nyumbani, nilimsikia akiwaambia wageni wake sebuleni: "Hawa Wanyarwanda ni kupe tu. Ukiwabandua huku, wanang'ata kule." Na ndio hao waliokuwa shambani wakimchumia kahawa!

Nami kwa kuigiza sauti sijambo. Kesho yake darasani nikatoa tumbo mbele, nikakohoa kama yeye, nikayamwaga yote, hata yale ya kupe. Mcheza kwao hutunzwa, nilitunzwa vicheko. Deo tu, niliyekaa naye dawati moja, hakucheka. Baba yake, Mzee Bonifasi, alitoka Rwanda. Siku tatu Deo hakuja shule, na mtihani wa darasa la saba ulikuwa mlangoni.

Nikaenda kwao. Mzee alikuwa akipalilia migomba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nasikia unaigiza. Hebu nionyeshe mwenyekiti."

Nikaigiza. Akacheka, tena kwa moyo!

"Kikohozi umekipata. Sasa niigize mimi."

Nikajaribu, kikatoka kikohozi kilekile cha mwenyekiti. Miaka minne nimekula maharage kwake, na sauti yake siijui.

"Basi shika jembe," akasema, "mpaka uijue."

Tukapalilia. Akanisimulia alivyovuka mto Kagera kambeba mama yake mgongoni, na alivyoomba chumvi kwa Kinyambo chake kibovu, lugha ya huku kwetu, akaletewa kuku. Sijapata kumsikiliza mtu hivyo. Mara Deo akatokea na jembe lake.

"Umeruka magugu huko, kupe wewe!"

Jumatatu dawati letu lilijaa.

Mwanangu, ulimi hauna mfupa, na ukiuazima kwa mkubwa hauna hata haya. Mheshimiwa akitukana sebuleni kwake, usimbebee tusi lake ukalitembeza. Na kabla hujamcheka mtu, keti naye mpaka uweze kusema maneno yake kwa sauti yake. Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo, na migomba ya kwenu izae mikungu mizito mpaka iombe nguzo.