Kandida wa Ifakara: Tochi haiuzwi kwa mwenye macho wazi

Saa moja asubuhi, sokoni Ifakara. Mwanamume mwenye mabega ya kubeba gunia la mpunga peke yake amesimama mbele ya meza ya mbao, macho yake yamefungwa kwa kanga. Mkono mmoja umeshika tochi ndogo ya plastiki isiyo na kitu ndani, mwingine umeshika betri mbili. Wauza dagaa wameacha dagaa wao ili wamwangalie.

"Tia," anaamuru mama mfupi aliyeketi nyuma ya meza.

Anatia. Anafunga kifuniko, anasukuma swichi. Giza lake liko palepale.

"Mama, haiwaki."

"Itawakaje, na betri moja imeangalia nyuma? Fungua. Papasa. Upande wenye kile kichwa kidogo utazame globu, zote mbili. Na usiguse kanga yangu!"

"Fundi mzima wa mitambo, kashindwa na tochi!" anapiga kelele muuza dagaa mmoja, na soko zima linacheka.

Mara ya tatu inawaka. Mama anaizungushia kiganja ili mwanga uonekane asubuhi hii, anatikisa kichwa kuridhika, kisha anamfungua uso. "Haya, sasa umenunua. Kabla ya hapo ulikuwa umeshika plastiki tu."

Mama huyo ni Kandida, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, mkazi wa Lipangalala. Aliyefungwa kanga ni Lukelo, fundi kutoka Iringa anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa na kuongoza kikundi cha wafanyakazi wenzake wanaopanda Milima ya Udzungwa siku za mapumziko. Agosti ya mwaka jana, 1995, mwanamume huyuhuyu alisimama mbele ya meza hiihii, akamwaga tochi juu yake na kumwita mama huyu tapeli. Leo anapapasa betri kama kipofu, tena kwa amri ya aliyemtukana. Mengi yamepita katikati.

Kandida alizaliwa Michenga, katika nyumba ya mvuvi wa mto Kilombero. Baba yake alivua kwa mtumbwi, na tochi aliishika kwa meno ili mikono yote miwili ibaki kwenye nyavu. Binti aliyekuwa akikaa nyuma ya mtumbwi huo hajasahau. Mpaka leo tochi asiyoweza kuing'ata haiweki mezani.

"Siyo mzaha," anasema, na kuichomeka moja mdomoni kutuonyesha. Anaitoa, anaifuta kwa upindo wa kitenge. "Mlimani mikono ni ya kushika mizizi na mawe. Tochi ikae mdomoni. Ile isiyoingia mdomoni ni ya kwenda chooni."

Mwandishi alijaribu. Ina ladha ya plastiki iliyokaa karibu na mafuta ya taa, lakini inakaa.

Kwenye duka la jumla wanamjua, na wakimwona anaingia wanaguna. Hakubali boksi lililofungwa. Hufungua kila tochi, huivuta springi kwa ukucha, huitikisa sikioni. Ikicheza ndani, anairudisha. Swichi ikiteleza kwa kuguswa tu, anairudisha. Inayotumia betri za ajabu ajabu, zisizopatikana kwenye kioski cha kijijini, hataki hata kuishika. Zinazobaki anakwenda nazo nyumbani na kuzitumbukiza kwenye ndoo ya maji, maana mlima ule una mvua yake hata wakati wa kiangazi.

Baada ya uchunguzi wote huo, tochi anaiuza shilingi mia nne. Betri ni juu ya mnunuzi.

"Nauza ya bei ndogo kwa sababu nataka kila mtu awe nayo," anasema, na sauti inapanda kama vile mwandishi amembishia. "Watu kumi wenye tochi moja kubwa, anayeona ni mmoja. Wengine wanatembea kwa imani! Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, mwanangu."

Ndiyo maana kikundi cha Lukelo kilipofika kwake mwaka jana kuandaa mfuko wa dharura, hawakubishana juu ya idadi. Walikuwa wanane. Ndani ya mfuko walikwishaweka bandeji, glukosi, filimbi, kamba na kiberiti. Kandida akawachagulia tochi nane, akazitia betri mwenyewe, akawafungia.

Na alizitia kama zinavyotiwa mtoni. Mvuvi wa Kilombero hasafiri na tochi iliyo tayari kuwaka, kwa sababu swichi ikiguswa ndani ya kikapu, betri zinakwisha kabla ya kufika majini. Betri moja huigeuza, iangalie nyuma. Hapo hata swichi ikisukumwa, tochi haiwaki na betri haziliwi. Akitaka mwanga anafungua, anaigeuza, anawasha. Mtoto wa Michenga anajua jambo hilo kama anavyojua kwamba sufuria hufunuliwa kabla ya kupakua.

Lakini wafanyakazi wa miwa hawakuzaliwa Michenga. Wametoka Iringa, Mbeya, Shinyanga, Kigoma. Kandida hakuwaambia. Haikumjia kwamba kuna mtu mzima wa kuambiwa.

Jumamosi ya safari yao walichelewa kushuka kutoka kwenye maporomoko ya maji, jua likawaacha msituni. Getrude, karani wa ghala mwenye miaka ishirini na sita, ndiye aliyebeba mfuko wa dharura.

"Nikatoa ya kwanza, kimya," anasimulia. "Ya pili, kimya. Nikasema labda mimi ndiye sijui, nikamgawia kila mtu ya kwake. Zote nane zimekufa! Lukelo alifungua moja, akakuta betri zimo, akazipiga piga, akafunga tena. Angeonaje zimekaaje, na kiberiti kimelowa? Tukaamua kushuka hivyohivyo, tumeshikana mashati."

Hawakufika mbali. Getrude aliteleza kwenye mzizi akaangukia mkono. Mfupa ulivunjika. Walikaa palepale mpaka kulipokucha, wakimsikiliza akilia. Lukelo, kwa hasira, alichukua tochi iliyokuwa mkononi mwake akaivurumisha korongoni.

Siku mbili baadaye alikuwa sokoni Ifakara.

"Alimwaga tochi zangu hapa kama mtu anayemwaga taka," anasema Kandida. "Akasema nauza maiti. Mbele ya watu wote hawa. Akutukanaye hakuchagulii tusi, basi nikamwacha amalize. Alipomaliza nikahesabu. Zilikuwa saba. Nikamwuliza, ya nane iko wapi?"

Kandida akachukua ya kwanza, akafungua, akageuza betri, akawasha. Akaiweka mezani inawaka. Akachukua ya pili. Walioshuhudia wanasema hakuharakisha hata kidogo. Ilipofika ya saba, meza ilikuwa na mianga saba na fundi hakuwa na pa kuweka macho.

"Nilitamani ardhi ipasuke," Lukelo anakiri, akikunja kanga aliyofungwa. "Lakini niliuliza swali moja, na mpaka leo sijutii. Nilisema, mama, kwa nini hukutuambia?"

Soko lilimshangilia Kandida siku hiyo. Jirani zake walimwambia ameshinda, akae atulie. Ponsiano, mvuvi wa Michenga aliyevua na marehemu baba yake, alimjia juu aliposikia kwamba swali lile linamnyima raha. "Wewe mtoto wa mtoni, ufundishwe tochi na watu wa miwa?"

Kandida hakukubali ushindi huo. Alipanda basi, akaenda kumwona Getrude akiwa amefungwa plasta mkono mzima.

"Tochi ilikuwa nzima, na mkono wa yule binti ulikuwa umevunjika," anasema. "Vyote viwili ni kweli. Sasa mimi nichague kimoja nishangilie? Siwezi. Mtoni kila mtu anajua. Mlimani wanakwenda watu wa kila mkoa. Kosa la kutosema ni langu, nimelibeba. Lakini la kuuza tochi mbovu silibebi. Asinibebeshe mtu!"

Maneno hayavunji mfupa, ila yanafukuza wateja. Habari za tochi zilizokufa zilisafiri hadi mashambani kote. Habari za tochi saba zilizowaka zilibaki hapa sokoni. Watu wa miwa, waliokuwa nusu ya wateja wake, waliacha kuja. Zipo siku alizorudi Lipangalala bila kuuza hata moja. Kikundi cha Lukelo nacho kilikaa kikao, kikaagiza tochi mbili kubwa kutoka mjini Morogoro, moja ya kiongozi na moja ya anayefunga msafara.

Mwanawe wa kumzaa alimshauri Kandida ahamie kwenye vitunguu. Mama alimjibu kwamba vitunguu vinaliza watu, yeye anataka kuwafanya waone. Akabaki na meza yake. Ila alibadili jambo moja. Mtu wa mtoni akija, anauziwa kama zamani. Anayekwenda mlimani anakabidhiwa tochi tupu, na betri zake pembeni kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Kisha anafungwa kanga machoni. Akishindwa kuzitia na kuwasha bila kuona, haondoki na tochi, hata aweke noti mezani.

Walimu waliotaka kupanda mlima walinuna, na mfanyabiashara mmoja aliondoka akitukana. Kandida aliwaacha waende. Ubishi wa namna hii kwa mtu mwenye meza moja na wateja wachache unatia hofu, na mwandishi alimwambia hivyo. Alijibiwa kwa kicheko.

Mwezi uliopita Getrude alisimama mbele ya meza hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkono?"

"Umepona, ila haunyooki wote. Nifunge kanga."

Aliitia betri kwa mkono mmoja, tochi ameibana kwapani. Iliwaka mara ya kwanza. Wauza dagaa hawakucheka.

Getrude alirudi kazini na tochi yake, akatangaza kwenye kikao cha kikundi kwamba yeye hapandi tena mlima nyuma ya mwanga wa mtu mwingine. "Safari ya Juni tulikwenda na zile kubwa mbili," anaeleza. "Kiongozi anaona, wa mwisho anaona. Sisi wa katikati tunakanyagana visigino. Nikawaambia, aliyevunjika mkono ni mimi. Kama mimi nimerudi kwa mama Kandida, ninyi mnaogopa nini?"

Ndiyo maana leo kikundi chote kimeshuka Ifakara. Lukelo amekuwa wa kwanza kufungwa kanga, na wenzake sita wamepanga foleni nyuma yake, kila mmoja akihofia zamu yake huku akijidai hajali. Mmoja wao, kijana wa Kigoma, anashindwa mara nne. Anaomba kusamehewa, safari ni kesho.

"Basi kesho utabaki nyumbani," Kandida anamwambia. "Rudia."

Anarudia. Inawaka.

Kazi ya leo imeisha vizuri, lakini mama huyu hajaridhika. Tangu Agosti ile, kila anapokutana na Lukelo humwuliza swali moja tu. Anamwuliza tena sasa, mbele ya wenzake.

"Ya nane iko wapi?"

"Mama, iko korongoni, nimekwambia. Mwaka mzima!"

"Pale ulipoirusha unapajua?"

"Napajua. Ndipo alipoangukia Getrude."

"Basi utanionyesha."

Kandida hajawahi kukanyaga mlima huo. Ana magoti yanayolalamika wakati wa masika, na viatu alivyovaa amevikopa kwa mkwewe. Lukelo anaanza kueleza habari za mwinuko, mawe yanayoteleza, umri. Mama anamsikiliza kwa adabu mpaka anapomaliza, kama alivyomsikiliza siku ya matusi.

"Ile ni tochi yangu, na iliitwa maiti," anasema. "Betri zitakuwa zimeoza, najua. Mwili wake ni mzima, niliuchagua mwenyewe. Nitaileta hapa, niioshe, niiwashe mezani pangu, watu wa miwa na watu wa mto waione. Nilitukanwa kwa nane, na mpaka sasa nimewasha saba tu."

Getrude ameshaanza kufungua mfuko wa dharura kutenga nafasi ya vitu vya mtu wa tisa. Lukelo anamtazama, anamtazama mama, kisha anashusha pumzi. "Sawa. Nitakubebea mzigo wako."

"Mzigo utabeba. Tochi nabeba mwenyewe."

Anachagua moja, tupu kama za wote. Anachukua betri mbili, anaokota kanga iliyokuwa juu ya meza na kumkabidhi Lukelo. Kisha anageuka na kumpa kisogo.

"Nifunge. Kaza."

Fundi anamfunga. Vidole vya Kandida vinapapasa kichwa cha betri ya kwanza, vinaitia, vinapapasa cha pili, vinaitia, vinakaza kifuniko. Anasukuma swichi. Macho yakiwa bado yamefungwa, anaiinua tochi juu ya kichwa chake na kuwageuzia watu.

"Inawaka?" anauliza.

"Inawaka, mama!" wanaitikia wote, na sauti ya Lukelo ndiyo kubwa kuliko zote.