Chagua Kimoja, Ukame au Mafuriko

Kiangazi kimoja, miaka ya tisini, bwana mmoja wa mipango ya mji alikuja kwetu Kambarage na makaratasi. Alituita wafanyabiashara pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Alitaka kujua hali ya hewa ikiharibika, biashara zetu zitapona vipi.

"Shikamoo, bibi," akaniambia. "Unaogopa nini zaidi, ukame au mafuriko?"

"Marahaba. Vyote."

"Chagua kimoja. Nafasi ya kuandika ni moja."

"Kwani mvua nayo imeisoma karatasi yako?"

Watu wakacheka. Yeye akaandika ukame, maana viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi.

Mimi nilikuwa na stoo nyuma ya mashine, imejaa magunia ya michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Wachuuzi waliipeleka machimboni Geita. Mwaka mzima nilikula kwa hiyo michembe, sikuwa na kingine.

Nikamwambia, "Andika na mtaro huu umeziba."

"Mtaro upi?"

"Umesimama juu yake."

Tuliufukia wenyewe kwa pumba za mpunga, msimu hadi msimu, tupate mahali sawa pa kuanikia. Mwenye mashine akadakia, "Mayu, mama yangu, unatutafutia nini? Ukizibuliwa huo, tuanike mpunga kichwani kwako?" Wanawake wakacheka, nami nikanyamaza. Kunyamaza kule kunaniudhi mpaka leo kuliko ile karatasi.

Mpango ukaja: tangi la kuhifadhia maji. Zuri, sikatai. Halafu zikaja mvua ambazo hatukuwahi kuziona. Maji yakakosa njia, yakaingia stoo yangu, yakakaa siku mbili. Mchembe ukinywa maji haurudi kuwa kiazi, unaoza tu. Wachuuzi wa Geita walifungua gunia, wakanusa, wakaenda zao.

Majirani wakaja na pole zao. "Pole, mayu. Ni kazi ya Mungu."

"Mungu hakoboi mpunga," nikawaambia.

Nikamwaga michembe yote, nikachukua jembe, nikaanza kufukua pumba. Zikilowa ni nzito kama udongo wa mbugani. Mwenye mashine akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Sasa tutaanika wapi?"

"Juu ya bati lako."

Siku ya tatu alikuja na jembe lake, akaanza kuchimba upande wa pili. Sikumshukuru. Mtaro ulikuwa wake pia.