Barafu ya Msimu wa Nguru

Kwenye boti yetu kazi yangu ni barafu. Mwenzangu ndiye mwenye mashine na ndiye anayeijua bahari ya Ras al Hadd, kwa kuwa ni mtu wa Sur, pwani ya Omani. Mimi nakaa Ibra, kwenye vumbi na mitende, na mtu wa huku juu hapewi usukani. Lakini siku msimu wa nguru unapofunguliwa wavuvi wote hukimbilia barafu ya bandarini, na ile ni ya kusagwa, adhuhuri haijafika imeshakuwa maji. Yangu ni ya mabonge. Naigandisha nyumbani kwenye mabeseni, ndani ya friza kubwa ile ya kufunguliwa kwa juu, na jioni inaikuta ingali bonge. Kwa mabonge hayo nimepata nafasi yangu kwenye boti tangu nilipostaafu kazi ya serikali.

Mwaka huu friza ilikuwa imejaa. Ilikuwa imejaa vyakula vya mke wangu, na mke wangu alifariki joto lilipoanza.

Mwanamke akifiwa na mumewe anakaa eda, na kila mtu anajua amtendee nini. Mwanamume akifiwa na mkewe anapeana mikono na watu barazani siku tatu, anakunywa kahawa, kisha anaulizwa ataoa lini. Mimi niliulizwa siku ya nne, na mtu mwenye heshima zake. Nilimjibu kwa adabu, lakini sijamtembelea tena. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wakubwa, na mimi hata kovu lilikuwa halijafunga.

Nyumba ikawa kimya. Mimi na yeye tulikuwa tukisema Kiswahili kile tulichokuja nacho tukiwa watoto, cha mjini Unguja, na mtaa mzima hakuna mwingine anayekisema. Nilikuwa napitisha siku mbili bila kutamka neno la Kiswahili, isipokuwa nikijigonga mguu.

Basi nilipoona wenzangu wameanza kuzungumzia msimu, nilianza na vyepesi. Nikatoa ndoana zangu nikazinoa kwa tupa moja moja. Nikabadilisha waya, maana meno ya nguru ni mkasi, ukimfunga kwa mshipi mtupu anaondoka nao. Nikakata mipira ya kukinga vidole kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Halafu ikabaki mikono yenyewe, ambayo ikikaa miezi bila kuvuta kitu inakuwa laini kama ya karani, na karani ndiye niliyekuwa. Dawa yake naijua: napanda juu ya dari, nateremsha ndoo ya mchanga mpaka uani kwa mshipi, kisha naivuta, naiteremsha, naivuta. Jirani yangu, Mwomani wa hapa hapa Ibra, alisimama ukutani akanitazama kwa muda, akaniuliza kwa Kiarabu kama najenga. Nilimwambia navua. Akasema Mungu anipe nguvu, akaingia ndani taratibu.

Ndoana tayari, mikono imeanza kuota sugu, friza sijaigusa.

Mwenzangu akapiga simu. "Yakhee, ndugu yangu, barafu vipi?"

"Inshallah."

"Inshallah yako ya kweli au ya kuniondoa? Mimi sikulazimishi, wallah. Lakini kuna binamu yangu anataka kuingia. Kama mwaka huu huwezi, niambie, nisikae na nafasi wazi."

Alikuwa na haki. Lakini niliogopa, na nasema wazi kwamba niliogopa. Boti ile ndiyo mahali pekee palipobaki ambapo nikichelewa kuna mtu atatazama njiani. Ningekosa msimu huu, ningebaki na ule ukuta na jirani yangu.

Nilifikiri kununua friza nyingine, na dukani nilifika. Nikaona haya: mtu mzima ananunua friza ili ile ya kwanza iwe makumbusho. Nikarudi.

Binti yangu anasomesha Nizwa, akaja Ijumaa. Aliinua kifuniko, akatazama ndani, akakirudisha polepole.

"Baba, shikamoo yangu umeipokea, sasa nisikilize. Hii chakula yote imekaa sana. Khalas, basi, tuitoe."

"Tuitoe tuipeleke wapi?"

Kutupa chakula ni haramu, hilo analijua. Kumpa jirani? Kisamvu kilichotwangwa kikagandishwa kinaonekana kama lami, mama wa Ibra atakifanya nini? Watoto wa binti yangu wao ni wali na kuku tu. Mle ndani mlikuwa na kisamvu, pweza wa nazi, nazi iliyokunwa, sambusa zilizopangwa kwa tabaka, mchuzi wa papa kwenye vikopo vya aiskrimu. Mke wangu hakuandika chochote juu ya vikopo wala mifuko, alivijua kwa kuvishika. Vyote alivipika kwa ajili ya watu wawili wanaovijua, na mmoja ndiye mimi.

"Nitavila," nikamwambia.

"Vyote?"

"Vyote."

Nikaanza siku ile ile. Nilikula kisamvu mchana na kisamvu usiku. Nilikula sambusa asubuhi kama bwana harusi. Siku za mwanzo nilikuwa nalia huku natafuna, na si jambo la kupendeza kulitazama, bora nilikuwa peke yangu. Baadaye nikazoea, na hilo likaniuma zaidi, kwani siku moja niligundua nimemaliza bakuli la pweza huku nasikiliza taarifa ya habari, ladha yake sikuisikia hata kidogo. Nikaizima redio. Kuanzia hapo nilikula kimya, kwa mkono, polepole, na kila kilichokwisha nikakiambia ahsante.

Ikabaki furushi moja chini kabisa, limefungwa mfuko juu ya mfuko, na fundo lile la mke wangu ambalo nilikuwa siwezi kulifungua bila meno. Kwa uzito wake nilidhani ni kitu alichokipenda. Nikaliweka la mwisho makusudi. Nikapika wali wa nazi, nikatandika mkeka jikoni, nikavaa kanzu safi. Nikalifungua.

Walikuwa dagaa. Dagaa wabichi, wakubwa, wamepangwa vichwa upande mmoja, wamenyunyiziwa chumvi. Chambo.

Mtu ambaye maisha yake yote hakutaka chambo kiguse friza yake. Akiniona na mfuko wa dagaa mlangoni ananirudisha nao uani, akisema jikoni kwake si pwani. Na yeye mwenyewe, bila kuniambia, alinunua dagaa wakati wa wingi wao, akawatia chumvi kama wanavyotakiwa ili nyama isilegee kwenye ndoana, akawaficha chini ya vyakula vyote nisiwaone mpaka msimu. Nilicheka peke yangu mpaka wali ukapoa. Kisha nikaula mtupu.

Kesho yake nikajaza mabeseni maji.

Siku ya kufungua msimu nilitoka Ibra na mabonge yamefunikwa magunia, dagaa wake pembeni. Bahari ilitulia, na nguru walikuwapo. Mwenzangu alipoona dagaa wale aliuliza nimenunua wapi, nikamwambia wa nyumbani. Nguru wa kwanza alikula chambo cha mke wangu mimi nikiwa na mshipi mkononi, na mikono ilishika. Mpaka tunarudi ufukweni barafu ilikuwa bado ngumu, na hakuna aliyetaja binamu.

Tukagawana. Mwenzangu akanitengea fungu langu kama kila mwaka, nguru wakubwa wanne, kwa kuwa mke wangu alikuwa akigawia jamaa mpaka Samad Ash Shan, na yeye mwenyewe anabaki na vichwa kwa mchuzi. Nilisimama pale mbele ya fungu lile. Mwenzangu alikuwapo makaburini, alibeba jeneza bega kwa bega na mimi, hakuwa na habari ya kupewa. Hata hivyo ilibidi niseme neno ambalo sikuwahi kulisema kwa mdomo wangu.

"Nipunguzie," nikamwambia. "Nipe mmoja tu. Nyumbani niko peke yangu."